Wageni wa Desemba: Januari Kitabaki Nini Bomani?



Kila mwaka mambo ni yale yale. Kuanzia tarehe 20 Desemba magari ya Machakos, Makueni na Kitui hujaa pomoni. Nauli inapanda. Watoto na wajukuu wanarudi nyumbani kutoka Nairobi, Mombasa na kwingineko. Boma lililokuwa kimya tangu Agosti linajaa kelele na furaha. Watu wanakula na kuimba, na wale ambao hawajaonana mwaka mzima wanakaa mpaka usiku wa manane.

Halafu inafika tarehe 2 au 3 Januari na wote wamekwenda. Mwenye boma, mara nyingi mama mzee aliyebaki na mjukuu mmoja, anaanza kuhesabu. Unga umekwisha. Kuku wamekwisha. Kuni za miezi miwili zimechomwa kwa siku nne. Dukani kuna deni. Shule ziko karibu kufunguliwa na karo inadaiwa. Na hapo ndipo jua kali linapoanza kutuchoma mpaka mwisho wa Machi.

Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo hili bila aibu. Hatusemi watu wasije nyumbani. Mtu asiyerudi kwao amepotea, na wajukuu wasiolijua shamba la babu yao hawatalitunza. Tunasema hivi: kila kitu tunachotayarisha kwa ajili ya wageni, tujiulize swali moja. Januari kitabaki na kazi gani? Viti vya kukodisha vitarudi kwa mwenyewe. Lakini kitanda cha mboga kilichochimbwa vizuri kitabaki, na mfereji wa bati kadhalika. Mtaro wa shamba ulioshindiliwa upya utabaki miaka.

Kwa nini Desemba ni mwezi mgumu

Kwetu Ukambani tuna mvua mbili. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tunayoitegemea zaidi. Ile ya Machi hadi Mei mara nyingi hutudanganya. Mahindi tunayopanda Oktoba, hata yale ya Katumani yanayokomaa upesi, hukauka vizuri Januari mwishoni au Februari. Maana yake ni kwamba wageni wanafika wakati ghala la zamani linaelekea kwisha na chakula kipya kingali shambani kikiwa kibichi.

Mtu wa mjini haoni hivyo. Akishuka kwenye gari anaona shamba la kijani kibichi, anasema, "Mwaka huu mko na chakula!" Kweli kiko, lakini hakijaiva. Tukivuna mahindi mabichi ovyo kwa kuchoma na kuchemsha, tunakula Februari tukiwa bado Desemba.

Lakini mwezi huo huo una baraka yake. Mvua imenyesha, majani ya kunde ni laini, maharagwe mabichi yanaanza, mboga zinakua haraka. Kwa hivyo mpango mzuri ni kuwalisha wageni zaidi kwa kile ambacho Desemba inatupa kwa wingi, yaani mboga, na kidogo kwa kile ambacho imebakiwa nacho kidogo, yaani nafaka.

Hesabu kwanza, sufuria baadaye

Tuchukue mfano wa boma litakalopokea watu 40, wakubwa kwa wadogo, kwa siku mbili. Msiende kwa kukisia. Kaeni chini mwezi wa Agosti, mtu mmoja aandike majina. Nani anakuja, na watoto wangapi? Atalala wapi?

Kisha hesabuni chakula. Hizi ni hesabu za jikoni ambazo akina mama wengi wanazijua:

Isyo au githeri ya watu 40, mlo mmoja: gorogoro mbili za mahindi na moja ya maharagwe.
Ugali: pakiti moja ya unga ya kilo 2 kwa watu wanane hivi. Watu 40, pakiti tano.
Wali: kilo moja kwa watu sita au saba. Watu 40, kilo sita.
Chapati mbili kwa kila mtu: pakiti nne za unga wa ngano za kilo 2.
Nyama: mbuzi mmoja wa wastani hutoa kilo 12 hivi. Ikitiwa mchuzi na viazi, inawatosha watu 40 mlo mmoja.
Kuku wa kienyeji: mmoja kwa watu watano au sita.
Sukuma wiki: miche 60 iliyoshika vizuri. Ukichuma majani manne kwa kila mche unapata majani 240, yaani sita kwa kila mtu, na mche unabaki hai.

Ukishaandika, gawa orodha mara mbili. Upande mmoja weka vitu ambavyo shamba linaweza kutoa. Upande wa pili weka vile ambavyo shamba halina: mchele, unga wa ngano, sukari, mafuta, chumvi, majani ya chai, vitunguu. Vile vya upande wa pili ndivyo walio mjini waambiwe kuleta. Na waambiwe mapema, mwezi wa Septemba, kila mmoja na chake kwa jina. Mtu akiachiwa kuamua mwenyewe kituoni tarehe 24, analeta mikate mitano na soda.

Tena, mchango wa pesa ni afadhali ufike Oktoba kuliko Desemba. Tangu 2007 tunatumiana pesa kwa simu, hivyo hakuna sababu ya kungoja mtu aje nazo mfukoni. Shilingi elfu moja ya Oktoba inanunua mbegu, chanjo na misumari ya kufunga mfereji. Shilingi elfu hiyo hiyo tarehe 24 Desemba inanunua nyanya za sokoni siku ambayo bei imepanda.

Tuhesabu kurudi nyuma

Mboga haitii haraka ya mwenyewe. Sikukuu ni tarehe 25 Desemba, basi tunaanza hapo na kurudi nyuma kwa majuma.

Kabeji hukaa kitaluni wiki nne hadi tano, kisha hutaka miezi miwili na nusu hadi mitatu shambani. Kwa hivyo mbegu iwe kitaluni katikati ya Agosti. Nyanya nazo zisiwe na kuchelewa. Wiki ya mwisho ya Agosti ndiyo mwisho.

Karoti hazipendi kuhamishwa. Zipandwe mahali pake katikati ya Septemba, maana zinahitaji karibu miezi mitatu.

Sukuma wiki na spinachi: mbegu kitaluni katikati ya Septemba, miche ihamishwe mvua inapoanza, karibu mwisho wa Oktoba. Mwanzo wa Desemba utaanza kuchuma.

Kunde pandeni na mvua ya kwanza pamoja na mahindi kama kawaida. Lakini tieni mistari michache tena katikati ya Novemba, ili Krismasi ikute majani machanga. Yale ya Oktoba yatakuwa yameanza kuwa magumu.

Dania itaki wiki sita, basi wiki ya pili ya Novemba. Mchicha wiki nne au tano, basi wiki ya tatu ya Novemba.

Vitunguu tuviache. Vinahitaji zaidi ya miezi mitano tangu mbegu mpaka kuvunwa. Kama hamkutia mbegu Juni, nunueni au mpeni mtu wa mjini avilete.

Mtaona kwamba kazi ya kwanza inaanza Agosti na Septemba, wakati wa ukavu. Watu wengi hukata tamaa hapo: "Maji yako wapi?" Lakini kitalu ni kitu kidogo. Kitalu cha mita moja kwa mita moja kinatosheka na lita 10 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni, kikiwa kimefunikwa kwa nyasi na kivuli kidogo. Maji ya kusuuza mboga na vyombo kabla ya kutia sabuni yanatosha karibu nusu ya hayo.

Na jambo moja la hatari. Usinyunyizie nyanya au sukuma dawa ya wadudu siku chache kabla ya sikukuu ili zionekane nzuri. Kila dawa ina siku za kungojea kabla ya kuvuna, na zimeandikwa kwenye chupa. Kama hujui kusoma, mpe kijana akusomee. Kwa vidukari, maji ya sabuni kidogo yanasaidia, na baadaye mboga ioshwe vizuri.

Bustani itakayovumilia kiangazi

Hapa ndipo swali letu la Januari lina uzito. Mtu anaweza kupanda sukuma juu juu, wageni wakala, na wiki ya pili ya Januari bustani ikakauka. Au anaweza kuchimba mara moja vizuri, na bustani ile ile ikamlisha mpaka mvua ya Machi.

Kwenye ardhi kavu, kitanda cha kuinuka juu hakitufai. Maji hukimbia na upepo hukausha. Tunataka kitanda cha kuzama. Pima mita 1.2 kwa upana, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga, na urefu wa mita nne na nusu. Ondoa udongo wa juu, ule mweusi, uuweke kando. Chimba wa chini mpaka ufike magotini, uulegeze. Chini kabisa tandika mabua ya mahindi, majani makavu na magugu yasiyo na mbegu. Mwagia maji. Halafu changanya udongo mweusi na mbolea ya boma iliyoiva, kiasi cha karai tatu za udongo kwa moja ya mbolea, urudishe. Usijaze mpaka juu. Acha kitanda kiwe chini ya usawa wa ardhi kwa kiasi cha kiganja kilichonyoshwa. Udongo wa chini uliobaki weka ukingoni uwe kama ukuta mdogo wa kuzuia maji yasitoke.

Kitanda hicho kinabeba miche 30 ya sukuma kwa mistari mitatu. Vitanda viwili vinatupa ile miche 60 tuliyoihesabu.

Baada ya kupanda, funika udongo wote kwa nyasi kavu, unene wa vidole vinne. Usiache hata mahali pamoja jua lipige udongo. Matandazo haya ndiyo siri ya kiangazi. Nyasi isiguse shina la mche, kwa sababu ya kuoza na mchwa.

Wale walio na nafasi ndogo, au wazee wasioweza kuinama, watumie gunia. Weka gunia la kilo 90 mahali litakapokaa, maana likishajaa halibebeki. Chukua mkebe wa Kasuku uliotobolewa pande zote mbili, uuweke katikati, ujaze kokoto ndani na udongo wenye mbolea kuuzunguka. Vuta mkebe juu, jaza tena, mpaka gunia lijae na katikati kubaki nguzo ya kokoto. Toboa matundu ubavuni na kupanda miche humo, na mingine juu. Maji humwagwa kwenye kokoto na kusambaa mpaka chini. Lita tano asubuhi na tano jioni zinatosha wakati wa jua kali.

Kuku na mbuzi

Jogoo wa kienyeji wa kuchinjwa Desemba awe ametotolewa kufikia Juni. Kwa hivyo mapema mwaka wengine tayari wana alama. Wataje: hawa wanane ni wa wageni, hawa majike na jogoo mmoja ni mbegu, hawaguswi hata aje nani. Boma likichinja mpaka kuku wa mwisho wa kutaga, halitakuwa na yai wala kifaranga mpaka katikati ya mwaka.

Tujihadhari na kideri. Ugonjwa huu hupenda kuingia wakati wa sherehe kwa sababu kuku wanabebwa kutoka sokoni na boma hadi boma. Chanjo hutolewa kila miezi mitatu. Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa boma moja, basi kikundi kinunue pamoja na kuchanja kijiji kizima siku moja mwezi wa Novemba. Chanjo ikae kwenye baridi mpaka wakati wa kutumika. Ikipigwa na jua haina kazi tena. Na kuku mgeni, hata kama ni zawadi, akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine.

Maji, choo na afya

Mtu mmoja, kwa kunywa, kupika na kunawa, mhesabie angalau lita 10 kwa siku. Watu 40 ni lita 400, yaani mitungi 20 ya lita 20 kila siku. Nani atakayeichota? Tukinyamaza, ni mama na wasichana, na hao hawataketi na wageni hata saa moja.

Angalieni bati. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita 10 kwa 6 ina mita 60 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 1,200. Hata tukiondoa inayomwagika, tunapata karibu 1,000. Hiyo ni mitungi 50 kwa mvua moja! Kwa hivyo mfereji wa bati na pipa safi lenye kifuniko, vikiwekwa Oktoba, ni zawadi bora kuliko shuka na vikombe. Mvua ya kwanza iachwe imwagike ili ioshe vumbi la paa.

Choo kisafishwe, kiwe na jivu la kumwagia na kifuniko cha tundu. Karibu nacho wekeni kibuyu chirizi: mtungi mdogo uliotundikwa kwa kamba kwenye kijiti, unaoinamishwa kwa mguu, na sabuni kando yake. Watoto wanaupenda sana, na mkono hauushiki. Maji ya sabuni yanayochuruzika yapelekwe kwenye shimo la ndizi, si kwenye mboga za majani.

Jambo la mwisho la afya ni mahindi. Tukinunua mahindi ya wageni sokoni wakati wa mvua, mara nyingi yana unyevu. Mwaka 2004, hapa kwetu Makueni na Kitui na majirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya ukungu iliyokuwa kwenye mahindi. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mahindi yaliyobadilika rangi, yenye ukungu au harufu, yasipikwe. Yasipewe kuku, yasitengenezewe pombe, wala yasisagwe yakafichwa ndani ya mazuri. Kama ni bei rahisi kupita kiasi, uliza kwa nini.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe

Methali hii tunaijua, lakini Desemba tunaisahau. Boma lina watu wazima 15 wenye nguvu, na wote wamekaa chini ya mwembe wakingoja chai. Mwezi Februari mama mzee atatafuta kibarua wa kumlipa afanye kazi ambayo hao wangemaliza asubuhi moja.

Mashamba yetu ya zamani yana mitaro ya fanya juu iliyochimbwa na wazee. Wakati wa ukoloni kazi ile ilikuwa ya kulazimishwa na watu waliichukia. Baadaye akina mama na wazee waliichimba kwa hiari yao, kwa mwethya, boma kwa boma. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu mwaka 1994 wakieleza vile Machakos ilivyobadilika: kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko wa udongo ukapungua. Hiyo ni kazi ya mikono ya nyanya na babu zetu. Leo mingi ya mitaro hiyo imejaa udongo, na maji yanaruka juu yake na kukata makorongo.

Basi siku ya tatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya jua, watu wote watoke. Udongo una unyevu, jembe linaingia. Vijana wafukue mtaro mpaka upana na kina cha futi mbili, na udongo utupwe upande wa juu wa mteremko. Ndiyo maana tunaita fanya juu. Acheni hatua moja kati ya shimo na tuta, ili udongo usirudi ndani. Akina mama na wazee waoneshe mahali maji yanapokatiza, kwa sababu wao ndio wameyaona. Watoto wabebe vipande vya nyasi ya mabingobingo na kuvipanda juu ya tuta. Nyasi hiyo itashika udongo na kulisha ng'ombe.

Saa nne kazi imekwisha, na isyo iko tayari. Mtoto wa Nairobi aliyebeba nyasi siku hiyo ataliita shamba "letu", maana amelifanyia kazi.

Maneno ya shamba lenyewe

Kuna sababu nyingine mitaro imeharibika, na tuiseme. Katika boma nyingi cheti cha shamba bado kiko kwa jina la babu aliyekufa zamani. Hakuna anayejua kipande chake ni kipi. Na mtu asiyejua kama atalima pale mwaka ujao hachimbi mtaro.

Desemba ndipo wote wanaonekana pamoja. Tengeni jioni moja, wakati watu wameshiba na hawajalewa. Mzee au mama mwenye boma aketi mbele, kijana mmoja aandike. Msianze kugawa siku hiyo. Anzeni kwa mambo matatu: cheti kiko wapi, kiko kwa jina la nani, na warithi wote ni akina nani. Andikeni majina yote, pamoja na mabinti, walioolewa na wasioolewa, na wajane. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na mila za ardhi. Boma linaloficha majina ya mabinti linajitafutia kesi ya miaka.

Njia yenyewe ni kupata barua ya chifu inayotaja warithi, kisha kwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Ombi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali na watu hupewa siku 30 za kupinga. Baadaye, kwa kawaida miezi sita baada ya kupewa usimamizi, mahakama huthibitisha mgawanyo. Si kazi ya siku moja, ndiyo maana ianze. Na asiwepo wa kuuza hata futi moja kabla ya hapo. Kuchezea mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa.

Kikundi kinaweza kusaidia nini

Boma moja likifanya haya peke yake litachoka. Kikundi kinaweza kuwa na kitalu kimoja cha miche na kugawana, kuliko kila mtu kununua pakiti yake ya mbegu. Kinaweza kununua sufuria kubwa mbili na viti, vizunguke kwa zamu kwa wanachama na kukodishwa kwa wengine. Kinaweza kufanya mwethya wa kuchimba vitanda: Jumanne kwa huyu, Alhamisi kwa yule. Na kinaweza kukubaliana jambo gumu zaidi, kwamba hakuna mwanachama atakayekopa kwa ajili ya karamu. Mkopo wa mbegu, wa chanjo au wa karo uwepo. Mkopo wa kuwapikia wageni pilau ili majirani waone, hapana. Tukikubaliana pamoja hakuna atakayeona aibu peke yake.

Wageni wakishaondoka

Wiki ya kwanza ya Januari msipumzike kabisa. Ongezeni nyasi juu ya vitanda. Chumeni majani ya chini ya sukuma tu, mkiacha manne au matano ya juu. Mtungi mmoja wa lita 20 kwa kitanda, jioni jua likishapoa, na siku baada ya siku kama matandazo ni mazito. Ganda na mabaki ya jikoni ya sikukuu yako kwenye shimo la mboji. Ikifika Machi ni mbolea. Maji ya bati yatumiwe kwa kipimo.

Halafu fungueni ile karatasi ya Agosti. Andikeni kilichotosha, kilichobaki na kilichokosekana. Mwaka ujao kazi itakuwa nusu.

Tukifanya hivi, mama mzee akiamka tarehe 3 Januari atakuta boma limekuwa kimya tena. Lakini atakuwa na vitanda viwili vya mboga, kuku wa kutaga, pipa la maji, mtaro uliofunguka na orodha ya warithi ndani ya sanduku. Wala hadaiwi dukani.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Januari iliyopita, ni nini kilikosekana katika boma zetu? Je, kilikwisha kwa sababu ya wageni au kwa sababu nyingine?

2. Ni vitu gani tunavyoweza kuwaomba watoto wetu walio mjini walete, na tuwaambie mwezi gani? Nani atawapigia simu?

3. Ni boma gani kijijini lina mtaro unaohitaji mwethya kwanza? Tutakwenda siku gani?

4. Tutapata wapi mbegu za kitalu cha kikundi, na nani atakimwagia maji Agosti na Septemba?

5. Ni nani kati yetu hajui cheti cha shamba lake kiko wapi? Asilaumiwe. Asaidiwe kuanza.